Dawa Mbele, Ushahidi Nyuma

Tarehe 17 Agosti 1872, katika mji mdogo wa Rome, jimbo la Georgia nchini Marekani, daktari Robert Battey alimpasua mwanamke wa umri wa miaka 30 hivi akamtoa ovari. Madaktari wa wakati ule walizoea kutoa ovari zilizofanya uvimbe mkubwa. Battey alikuwa na nia nyingine. Mgonjwa wake alikuwa ametaabika kwa miaka na maumivu na mitukutiko ya mwili, naye aliamini kwamba akimfikisha kwa kisu kule ambako umri ungemfikisha baada ya miaka 20, yaani kwenye ukomo wa hedhi, mateso yatakwisha. Husimuliwa kwamba siku ile watu walikusanyika nje ya nyumba, tayari kumshughulikia daktari iwapo mgonjwa angekufa. Hakufa, na sifa za upasuaji huo zikavuka bahari. Katika miongo iliyofuata, maelfu ya wanawake wa Ulaya na Marekani walitolewa ovari kwa sababu ya maumivu, kifafa, huzuni, na hata kwa tabia ambazo jamaa zao hawakuzipenda.

Wengi wa wanawake hao walikuwa vijana. Walirudi kwa madaktari wakieleza mambo ambayo mama zao waliyajua wakiwa na miaka 50: joto linalopanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni, jasho la usiku linalolowesha shuka, usingizi unaokatika saa nane na kutorudi tena, uke mkavu, mifupa inayouma. Kwa kuwasikiliza, madaktari walianza kuelewa kwamba ovari hufanya kazi kubwa kuliko kutunza mayai. Inauma kukiri, lakini sehemu kubwa ya elimu ya mwanzo kuhusu homoni za mwanamke ilipatikana hivyo, kwa kutazama kilichopungua katika miili iliyokwisha kuharibiwa.

Kuhusu ukomo wa hedhi wenyewe, watu walikuwa wakiandika tangu zamani. Aristotle aliutaja. Daktari Mfaransa Charles de Gardanne aliupa jina la kitabibu mwanzoni mwa karne ya 19, na mwaka 1857 John Tilt wa London akauandikia kitabu kizima. Hakuna kati yao aliyejua unasababishwa na nini. Maelezo yaliyotawala yalisema kwamba ovari huzungumza na mwili kupitia neva. Ndipo katika miaka ya mwisho ya karne hiyo, huko Vienna, Emil Knauer akachukua sungura, akawatoa ovari na kuzipandikiza mahali pengine katika mwili uleule. Sungura walioachwa bila ovari walinyauka mfuko wa uzazi. Waliopandikizwa hawakunyauka, ingawa neva zote zilikuwa zimekatwa. Ujumbe, basi, ulikuwa ukisafiri kwenye damu. Mwaka 1905 Ernest Starling wa London akawaita wajumbe wa aina hiyo homoni, na jina likakaa.

Wakati wanasayansi wakishughulika na sungura, mwanamke wa kawaida wa Marekani alikuwa na chupa. Kuanzia mwaka 1875, Lydia Pinkham wa mji wa Lynn, Massachusetts, aliuza mchanganyiko wa mizizi na majani kwa ajili ya maradhi ya wanawake, ukomo wa hedhi ukiwamo. Ndani ya chupa mlikuwa na kileo cha karibu asilimia 18, na nadhani hicho ndicho kilichowapa wengi nafuu. Pinkham alifanya pia jambo ambalo hospitali hazikulifanya: aliwaalika wanawake wamwandikie. Barua zikamiminika. Alifariki mwaka 1883, lakini kampuni ikaendelea kuwaalika wanawake wamwandikie Bi Pinkham kana kwamba yu hai, hadi mwaka 1905 gazeti moja la wanawake lilipochapisha picha ya kaburi lake. Biashara haikufa kwa aibu hiyo. Wanawake waliokosa mtu wa kuwasikiliza waliendelea kununua.

Jibu la kisayansi lilitoka machinjioni. Huko St. Louis, mtaalamu wa maumbile ya mwili Edgar Allen na mwanakemia Edward Doisy walikusanya ovari za nguruwe, wakanyonya maji yaliyomo kwenye vifuko vya mayai na kuwadunga panya waliotolewa ovari. Panya hao wakarudi kwenye majira ya kutaka dume, kana kwamba hawakuwahi kupasuliwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1923. Kazi iliyobaki ilikuwa kuipata homoni yenyewe ikiwa safi, na kwa hilo ovari za nguruwe hazikutosha. Baadaye Doisy na wenzake walihitaji tani 4 za ovari kupata miligramu 12 za estradioli, homoni yenye nguvu kuliko estrojeni nyingine za mwili, uzito unaokaribia nusu ya punje ya mchele.

Mlango ulifunguliwa Berlin mwaka 1927, pale Selmar Aschheim na Bernhard Zondek walipogundua kwamba mkojo wa mjamzito umejaa homoni. Hapo hapakuhitajika kuchinja. Mwaka 1929 Doisy alipata fuwele za estrojeni ya kwanza kutoka kwenye mkojo wa wajawazito, na mwaka huohuo Adolf Butenandt akazipata huko Göttingen, Ujerumani. Butenandt alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1939, na serikali ya Kinazi ikamlazimisha aikatae. Zondek, aliyekuwa Myahudi, alifukuzwa kazini mwaka 1933 na mwishowe akaishi na kufanya kazi Jerusalem. Ni yeye aliyeonyesha kwamba farasi jike mwenye mimba hutoa homoni nyingi ajabu kwenye mkojo wake.

Ugunduzi huo ulipata mteja Kanada. Kampuni ya Ayerst, McKenna & Harrison ya Montreal ilikuwa tayari ikiuza dawa iliyotokana na utafiti wa James Collip katika Chuo Kikuu cha McGill, dawa ghali iliyotegemea kwanza kondo la nyuma la wazazi na baadaye mkojo wa wajawazito. Farasi walikuwa rahisi zaidi. Dawa mpya, Premarin, iliingia sokoni Kanada mwaka 1941 na Marekani mwaka 1942, na wakulima wakaanza kufuga farasi majike wenye mimba, waliofungwa mazizini miezi ya baridi huku mifuko ikiwa imening'inizwa nyuma yao kukinga mkojo. Ilikuwa dawa ya kumeza na bei yake ilivumilika. Ilituliza joto na jasho kweli, na jambo hilo halijawahi kukanushwa na utafiti wowote hadi leo. Pia, huko Boston, Fuller Albright alikuwa ameanza kuonyesha kwamba mifupa inayovunjika ovyo uzeeni huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, na kwamba estrojeni huizuia isipungue. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilimtaka mtengenezaji aonyeshe kuwa dawa ni salama. Kuthibitisha kwamba inafanya kazi iliyotangazwa kulikuja kuwa lazima mwaka 1962.

Hapa sina budi kusimama kwenye dawa nyingine, kwa sababu ilionya mapema na onyo halikusikika. Mwaka 1938 Charles Dodds na wenzake wa London walitengeneza estrojeni ya maabara, DES, na wakaacha kuiwekea hataza ili kila mtu aweze kuitengeneza. Ilikuwa rahisi mno, na viwanda vikaizalisha kwa wingi. Madaktari wakaanza kuwapa wajawazito kwa imani kwamba inazuia mimba kuharibika. Mwaka 1953 jaribio lililofanywa Chicago, ambamo wajawazito waligawanywa kati ya dawa na vidonge visivyo na dawa, lilionyesha kwamba DES haizuii chochote. Ushahidi ulikuwa mezani. Hata hivyo dawa iliendelea kuandikwa kwa miaka 18 zaidi, mpaka mwaka 1971 Arthur Herbst na wenzake wa Boston walipoeleza kuhusu mabinti wadogo waliopata saratani ya uke isiyoonekana kwa kawaida katika umri wao. Mama zao walikuwa wamemeza DES walipokuwa na mimba zao. Watoto walilipa gharama ya vidonge ambavyo havikumsaidia mtu.

Katikati ya miaka hiyo ndipo alipotokea Robert Wilson, daktari wa magonjwa ya wanawake huko New York. Mwaka 1963, pamoja na mkewe Thelma, aliandika makala katika jarida la tiba ya wazee kuhusu hatima ya mwanamke asiyetibiwa baada ya kukoma hedhi, na mwaka 1966 akatoa kitabu, Feminine Forever. Hoja yake ilikuwa nyepesi kushika: ukomo wa hedhi ni ugonjwa wa upungufu, kama kisukari, na estrojeni ni insulini yake. Aliwachora wanawake waliofika umri huo kama viumbe walionyauka na kupoteza akili na mvuto, mzigo kwa waume zao, na aliahidi kwamba kidonge kingewaacha vijana. Kitabu kiliuza nakala 100,000 katika miezi saba ya kwanza. Baadaye ilijulikana kwamba kazi yake ilikuwa ikipokea fedha za kampuni za dawa, ikiwemo iliyouza Premarin. Kufikia mwaka 1975 Premarin ilikuwa ya tano kati ya dawa zilizoandikwa zaidi na madaktari wa Marekani.

Namlaumu Wilson kwa fedha zile, lakini namlaumu zaidi kwa namna alivyomtazama mwanamke wa miaka 50. Mwanamke anayeamka mara nne usiku akiwa amelowa anastahili dawa. Kumtangazia kwamba yeye mzima ni kitu kilichoharibika ni jambo jingine kabisa. Na kwa kuyachanganya mawili hayo, Wilson aliwafanya wanawake wenye dalili na wasio na dalili yoyote wameze kidonge kilekile maisha yao yote.

Tarehe 4 Desemba 1975, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha tafiti mbili, moja ya Seattle na nyingine ya Los Angeles. Zote zilionyesha kitu kimoja. Waliotumia estrojeni walipata saratani ya utando wa ndani wa mfuko wa uzazi mara 4.5 zaidi kwa hesabu ya kwanza na mara 7.6 kwa ya pili. Kwa waliotumia zaidi ya miaka 7, hesabu ya Los Angeles ilifika karibu mara 14. Sababu yake ilieleweka upesi. Kila mwezi, mwilini mwa mwanamke anayepata hedhi, estrojeni huukuza utando huo na projesteroni huuzuia na kuutayarisha. Wanawake hawa walipewa mkuzaji peke yake, mwaka baada ya mwaka, bila mzuiaji.

Kundi la wanaharakati wanawake lilikuwa limekwisha kuamka kwa sababu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Mwandishi Barbara Seaman alikuwa ametoa kitabu mwaka 1969 kuhusu madhara ambayo wanawake hawakuambiwa, na mwaka 1975 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa National Women's Health Network. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza kwamba kila pakiti ya estrojeni iwe na karatasi ya maelezo kwa mgonjwa mwenyewe. Chama cha watengenezaji dawa na vyama vya madaktari viliipinga amri hiyo mahakamani. Karatasi ile tunayoikunjua leo kwenye boksi la dawa na mara nyingi kuitupa ilipiganiwa hivyo.

Tiba haikufa. Madaktari waliongeza projestini, dawa inayofanya kazi ya projesteroni, kwa wanawake wenye mfuko wa uzazi, hatari ya saratani ile ikashuka, na mauzo yakapanda tena. Safari hii ahadi ilikuwa ya moyo. Wanawake hupata magonjwa ya moyo wakiwa na umri mkubwa kuliko wanaume, na baada ya kukoma hedhi pengo hilo hupungua. Ikaonekana ni jambo la akili kudhani kwamba estrojeni ndiyo iliyokuwa kinga. Mwaka 1985 jarida lilelile la New England lilitoa tafiti mbili katika toleo moja: ule wa wauguzi wa kike wa Marekani, zaidi ya 120,000 waliofuatiliwa tangu mwaka 1976, ulisema watumiaji wa homoni wanaugua moyo mara chache kuliko wengine, na ule wa mji wa Framingham ukasema kinyume chake. Waliotaka kuamini waliamini wauguzi. Swali lililorukwa lilikuwa hili: ni wanawake gani waliokuwa wakitumia homoni? Kwa kawaida walikuwa wenye kipato, wenye elimu, wanaokwenda kwa daktari mara kwa mara, wanaofanya mazoezi. Huenda kidonge kiliwakuta tayari na mioyo mizima.

Katika mwaka uleule wa 1985, mbali kabisa na majarida hayo, watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikuwa wakiishi na Wahadza karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Walipima nani analeta chakula gani kambini na kwa saa ngapi za kazi. Walichokiona kiliwashangaza. Wanawake waliokwisha kukoma hedhi, wenye miaka 50, 60 na hata zaidi, walitoka kuchimba viazi mwitu kwa mti uliochongwa ncha, katika ardhi ngumu yenye mawe, kwa saa nyingi kuliko wanawake vijana. Mama alipokuwa na mtoto mchanga mgongoni na uchimbaji wake ukapungua, uzito wa watoto wake wakubwa ulikwenda sambamba na kazi ya bibi. Kutokana na hesabu hizo Hawkes na wenzake walijenga nadharia kwamba maisha marefu ya mwanamke baada ya uzazi ndiyo yaliyomfanya binadamu awe binadamu: bibi aliyeacha kuzaa aliwawezesha wajukuu kuishi, na uhai mrefu ukarithiwa.

Nadharia hiyo ina wapinzani, na mwaka 2023 iliongezewa fumbo pale ilipobainika kwamba sokwe jike wa Ngogo, katika msitu wa Kibale nchini Uganda, nao huishi miaka mingi baada ya uzazi, wakati sokwe mama hamlishi mjukuu wake. Lakini soma kwanza Wilson, kisha usome vipimo vya Ziwa Eyasi, uone umbali uliopo. Bibi wa Kihadza aliyerudi jioni na mzigo wa viazi hakuwa mwanamke aliyepungukiwa. Kambi ilimtegemea.

Rudi Marekani. Mwaka 1990 watengenezaji wa Premarin waliiomba FDA idhini ya kuitangaza kama kinga ya moyo. National Women's Health Network ilisimama na kudai jaribio la kweli kwanza, la kugawa wanawake kwa bahati nasibu kati ya dawa na kidonge kisicho na dawa, na idhini haikutolewa. Mwaka uliofuata Bernadine Healy, daktari wa moyo na mwanamke wa kwanza kuongoza Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, alitangaza utafiti ambao haukuwahi kuonekana kwa ukubwa, Women's Health Initiative, WHI. Uliandikisha zaidi ya wanawake 160,000 wenye umri wa miaka 50 hadi 79 katika vituo 40. Kati yao, 16,608 wenye mfuko wa uzazi waliingia kwenye jaribio la estrojeni ya farasi pamoja na projestini. Wengine 10,739 waliokwisha kutolewa mfuko wa uzazi walijaribiwa estrojeni peke yake.

Dalili za kwanza zilikuja mwaka 1998 kupitia jaribio jingine dogo, la wanawake 2,763 waliokuwa na ugonjwa wa moyo tayari. Homoni hazikuwakinga, na katika mwaka wa kwanza waliozimeza walipata mashambulizi zaidi. Kisha, tarehe 9 Julai 2002, WHI ilitangaza kwamba jaribio la dawa mbili linasitishwa kabla ya wakati, baada ya wastani wa miaka 5.2.

Tuziangalie takwimu zenyewe, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika mara ya pili. Kwa kila wanawake 10,000 waliomeza dawa kwa mwaka mmoja, ikilinganishwa na wasioimeza, kulikuwa na matukio 7 zaidi ya moyo, viharusi 8 zaidi, mabonge ya damu mapafuni 8 zaidi na saratani za matiti 8 zaidi. Kwa upande mwingine kulikuwa na saratani 6 pungufu za utumbo mpana na nyonga 5 pungufu zilizovunjika. Saratani ya matiti ilitoka 30 hadi 38 katika 10,000. Vyombo vya habari vilitangaza ongezeko la asilimia 26. Hesabu zote mbili ni za kweli, lakini mwanamke aliyesikia asilimia 26 redioni alielewa kwamba robo ya wanaotumia wataugua. Simu za zahanati zikajaa. Katika mwaka uliofuata, maandiko ya dawa ya kidonge chenye homoni mbili yalishuka Marekani kwa theluthi mbili. Saratani ya matiti nayo ilishuka nchini humo mwaka 2003, na watafiti wengi walihusisha kushuka huko na kuachwa kwa vidonge.

Jaribio lilikuwa limejibu vizuri swali lililouliza: je, wanawake wote wazee wapewe homoni ili kulinda moyo? Hapana. Wanawake wake walikuwa na wastani wa umri wa miaka 63, na thuluthi moja tu walikuwa chini ya 60. Mwanamke wa miaka 51 asiyelala kwa ajili ya joto hakuwa ameuliza swali hilo, lakini alipewa jibu lake. Daktari aliyekuwa akimwandikia kidonge bila kufikiri mwezi Juni alimnyima bila kufikiri mwezi Agosti. Mwaka 2007 watafiti wa WHI wenyewe, wakiongozwa na Jacques Rossouw, walirudi kwenye takwimu na kuzigawa kwa umri. Hatari ya moyo ilikuwa kwa walioanza dawa miaka mingi baada ya kukoma hedhi. Kwa walioanza karibu na wakati huo, ongezeko halikuonekana. Wale wa estrojeni peke yake, ambao jaribio lao lilisitishwa mwaka 2004 kwa sababu ya viharusi, walipofuatiliwa kwa muda mrefu walionekana kupata saratani ya matiti mara chache kuliko wenzao. Mwaka 2017, baada ya miaka 18, vifo vilikuwa sawa kati ya waliomeza homoni na waliomeza vidonge vitupu. Ufaransa nako tafiti zilionyesha kwamba estrojeni inayopita kwenye ngozi, kwa kibandiko au mafuta, haikuongeza kuganda kwa damu kama ile ya kumeza.

Taarifa ya 2002 ilisafiri dunia nzima kwa siku moja. Masahihisho ya 2007 yalitembea kwa miguu. Madaktari waliosoma katika miaka hiyo walihitimu wakijua kuwaogopesha wanawake na bila kufundishwa kuwatibu. Hasira yangu kubwa iko hapa, kwa sababu kosa la kwanza lilikuwa la wauzaji, lakini hili la pili lilikuwa la wasomi.

Na wanawake weusi walikuwa wachache katika hesabu zote hizo, chini ya mmoja katika kumi kwenye jaribio la dawa mbili. Utafiti mwingine wa Marekani ulioanza mwaka 1996 na kufuatilia zaidi ya wanawake 3,000 wa asili mbalimbali ulitoa mwaka 2015 takwimu ambayo kila mwanamke wetu anastahili kuisikia: dalili za joto na jasho hudumu kwa wastani wa miaka 7 na zaidi, na kwa Wamarekani weusi zilizidi miaka 10. Kwa muda mrefu vitabu vilikuwa vimewaambia wanawake kwamba ni jambo la mwaka mmoja au miwili. Katika nchi zetu, ambako joto na jasho la usiku kwanza humfanya mtu awaze malaria, muongo mmoja wa dalili ni vipimo vingi vya bure na dawa nyingi zisizo na kazi. Mwanamke wa miaka 48 ambaye malaria yake haionekani kwenye kipimo anahitaji kuulizwa hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini.

Kulikuwa na swali jingine lililosahauliwa wakati wote huu: joto lenyewe linatoka wapi? Tangu miaka ya 1990, Naomi Rance wa Chuo Kikuu cha Arizona alichunguza chini ya darubini bongo za wanawake waliofariki, na kugundua kwamba katika haipothalamasi, sehemu inayosimamia joto la mwili, kundi dogo la seli za neva lilikuwa limevimba kwa waliokoma hedhi. Estrojeni inapoondoka, seli hizo hufanya kazi kupita kiasi na kutoa kwa wingi kemikali iitwayo neurokinini B. Ilikuwa kazi ya polepole, na kwa miaka mingi wachache tu waliijali. Mwaka 2015 timu ya Waljit Dhillo huko London iliwadunga wanawake wenye afya kemikali hiyo, nao wakapata joto la ghafla palepale. Mwezi Mei 2023 FDA iliidhinisha fezolinetanti, kidonge kinachoziba njia hiyo bila homoni yoyote. Mwishoni mwa 2024 kiliongezewa onyo kali kuhusu ini, hivyo anayekitumia hupimwa damu kwanza na kurudiwa.

Mwezi Novemba 2025 FDA ilitangaza kwamba onyo kali lenye fremu nyeusi, lililobandikwa kwenye homoni za ukomo wa hedhi baada ya tangazo la 2002, litaondolewa sehemu kubwa: yaliyosemwa kuhusu moyo, saratani ya matiti na kupoteza kumbukumbu. Wako waliofurahi, hasa kwa ajili ya estrojeni ya kupaka ukeni, ambayo kidogo sana huingia kwenye damu na ambayo wanawake wengi wazee waliiogopa bure. Wako pia walioonya kwamba uamuzi umefanywa haraka na kwamba ahadi zilizoambatana nao, za kukinga moyo na akili, zinafanana mno na zile za kabla ya majaribio. Naelekea upande wa hao wa pili katika suala la ahadi, ingawa fremu ile ilikuwa imekaa muda mrefu kupita kiasi. Onyo moja halikuguswa. Estrojeni ya kumeza au ya kibandiko, ikitumiwa peke yake na mwanamke mwenye mfuko wa uzazi, bado itauzwa ikiwa na tahadhari ya saratani ya utando, ileile iliyochapishwa kutoka Seattle na Los Angeles mwaka 1975.